Burt Munro, Fundi wa Kukesha

Katika habari za watu waliowania mwendo wa kasi juu ya ardhi, majina yavumayo sana ni ya wenye nafasi. Sir Malcolm Campbell, Mwingereza, alikwenda mwaka 1935 na gari lake Bluebird hadi kwenye jangwa la chumvi la Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani, akawa mtu wa kwanza kupita maili 300 kwa saa akiwa garini. Gari lile lilikuwa na injini ya ndege, na nyuma yake palikuwa na mafundi wa kuajiriwa na fedha za kutosha. Mimi leo simsimulii huyo. Namsimulia mzee aliyefika kwenye chumvi ile ile mwaka 1962, umri wake miaka 63, na pikipiki iliyonunuliwa mwaka 1920, ambayo karibu kila chuma ndani ya injini yake alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, gerejini kwake, usiku wenziwe wakiwa wamelala.

Jina lake ni Herbert James Munro. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1899, Invercargill, mji ulio mwisho wa kusini wa New Zealand. Alizaliwa pacha, lakini dada yake hakuishi. Wazazi wake walikuwa wakulima huko Edendale, mashariki ya mji huo, na tangu utotoni kijana huyu alipenda kumpanda farasi mwenye mbio kuliko wote pale shambani, jambo ambalo babake hakulifurahia. Vijana wenziwe walimwita Bert. Baadaye gazeti moja la Marekani lilikosea likaandika Burt, naye akalipenda kosa hilo akalichukua kuwa jina lake. Sisi waandishi wa magazeti tujihadhari. Kalamu yetu yaweza kumbadilisha mtu jina mpaka kaburini.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya iitwayo Indian Scout. Hapa msomaji asidhani kwamba ilitoka Bombay. Indian ni jina la kampuni ya Marekani, ya mji wa Springfield, iliyojipa jina la wenyeji wa asili wa nchi ile. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 600, yenye silinda mbili zilizoachana kama vidole viwili vya mkono. Mwendo wake wa mwisho ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, mwendo ambao matatu ya Mombasa kwenda Malindi huufikia bila dereva kuona haya. Munro alitosheka na mwendo huo kwa miaka michache tu. Mwaka 1926 akaifungua injini, na kwa hakika hakuifunga tena kwa miaka 50 iliyofuata.

Nasema hivyo kwa sababu hakuna msimu uliopita bila ya yeye kubadilisha kitu. Kazi yake ya mchana ilikuwa kuuza na kutengeneza pikipiki. Kipato chake kilikuwa cha mtu wa kawaida, na hakuwa na uwezo wa kuagiza vyuma maalumu vya mashindano. Basi alirudi nyumbani jioni, akala, akaingia gerejini. Mara nyingine alfajiri ilimkuta huko huko, akanawa uso akaenda kazini.

Na alifanya nini humo? Pistoni alizisubu mwenyewe, kalibu zake zikiwa makopo ya zamani. Mabomba makuukuu ya chuma aliyachonga yakawa silinda. Ile mikono inayoishika pistoni na kuiunganisha na ekseli ya injini, ambayo mafundi wa kwetu huiita konrodi, aliikata kutoka kwenye ekseli ya trekta, kisha akaichonga kwa tupa. Naomba msomaji aliyewahi kushika tupa alifikirie hilo kidogo. Chuma cha ekseli ya trekta ni kigumu kwelikweli, maana hubeba uzito wa mashine nzima. Kukikwangua kwa mkono, kipande baada ya kipande, mpaka kipatikane kitu chembamba, chepesi na kilichonyooka, si kazi ya siku mbili. Hata chombo cha kupimia unene wa vyuma hakukinunua. Alijitengenezea kwa spoki kuukuu ya gurudumu. Valvu ambazo kiwanda kiliziweka ubavuni mwa silinda yeye alizipandisha juu, ili moto uwake vizuri zaidi na hewa ipite bila kuzunguka. Silinda alizipanua mwaka hadi mwaka, na kufikia 1967 injini ile ya sentimita 600 ilikuwa karibu 950.

Wasiojua mambo haya watauliza kwa nini aliyarudia mara nyingi hivyo. Sababu ni kwamba vyuma vilivunjika. Pistoni ndani ya injini inayokimbia hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika moja, na kila ifikapo juu hapana budi isimame kisha irudi. Konrodi ndiyo inayovutwa na kusukumwa katika hali hiyo. Mwendo ukizidi, chuma dhaifu hukatika, na kipande kilichokatika huvunja kila kilicho karibu nacho. Joto nalo huyeyusha pistoni ambayo mchanganyiko wake haukuwa sawa. Munro aliivunja injini yake mara nyingi kupita kiasi, na kila ilipovunjika alikitazama kipande, akaona kimeanzia kupasuka wapi, akatengeneza kingine kinene mahali pale na chembamba mahali pengine. Vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu gerejini na juu yake akaandika maneno ya mzaha, kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa mwendo. Kwetu sisi huo si mzaha wa kuuzoea, astaghfirullah, nami nautaja kwa sababu rafu ile imekuwa mashuhuri kuliko vikombe alivyoshinda. Mimi ningeiita daftari. Kila kosa lake lilikuwa pale mbele ya macho yake.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu inasita. Mwaka 1927 Munro alioa, na wakajaliwa watoto wanne, mvulana mmoja na wasichana watatu. Mwaka 1947 ndoa ikavunjika. Ya ndani ya nyumba ni siri ya wenyewe, nami sitayabuni. Lakini sisi tumefundishwa kwamba mke ana haki yake na watoto wana haki yao, na saa za usiku ni katika hizo haki. Mtu anayekesha na chuma miaka 20 hawezi kusema kwamba hakuna aliyekesha akimngoja. Baada ya hapo aliacha kazi ya kuajiriwa, akafanya gereji kuwa kazi na makao. Wanaomsifu Munro hulipita jambo hili mbio mbio, kama kwamba ni kituo kidogo njiani. Mimi siwezi. Nampenda kwa ufundi wake na kwa subira yake, lakini gharama ya ufundi huo haikulipwa na yeye peke yake, na mwishoni mwa habari hii msomaji ataona kwa nini nimelikumbusha.

Uwanja wake wa nyumbani ulikuwa ufuo wa Oreti, karibu na Invercargill, ambako maji yakitoka mchanga huwa mgumu na mpana. Hapo alijaribu kila alichokitengeneza, na akaweka rekodi za nchi yake. Lakini mchanga una mwisho, na bahari haimngoji mtu. Kwa mwendo aliokuwa akiutaka alihitaji mahali palipo tambarare kwa maili nyingi, nako ni Bonneville.

Pahali pale zamani za kale palikuwa ziwa. Maji yalikauka, ikabaki chumvi ngumu, nyeupe, imenyooka kama sakafu ya msikiti. Aliyepita Gongoni akaona mashamba ya chumvi yakimetameta jua kali atapata picha yake, ila azidishe upana mpaka jicho lichoke. Pako juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo hewa ni nyepesi. Haimzuii sana mpanda pikipiki, lakini nayo injini hupungukiwa na pumzi. Karibu kila mwaka, mwezi wa Agosti, tangu 1949, watu wamekuwa wakikusanyika hapo kwa juma zima, wengi wao si wa makampuni bali ni mafundi wa majumbani, kila mmoja na chombo alichokiunda mwenyewe. Munro alikuwa miongoni mwa watu wa jamaa yake, ingawa alikuwa ametoka upande wa pili wa dunia na pikipiki yake ikapakiwa melini.

Kwa umbali mkubwa ule upepo ni adui kuliko uzito. Kwa hiyo alikuwa ameiundia pikipiki ganda la kuifunika yote, limechongoka mbele na kukonda nyuma mfano wa nguru. Ganda la kwanza lilikuwa la alumini, alilifua kwa nyundo kwa muda wa miaka. Halikumfaa, akaliacha, akatengeneza jingine la faiba-glasi. Ndani yake alilala kifudifudi, kifua juu ya chombo, kidevu mbele. Hayo ndiyo makazi ya mzee wa miaka 63 ambaye tayari alikuwa na maradhi ya moyo.

Mwaka 1962 alipita maili 178 kwa saa, kama kilomita 288, akaweka rekodi ya dunia ya pikipiki zenye injini isiyozidi sentimita 883. Kiwanda kilikuwa kimemuuzia maili 55. Alirudi Bonneville tena na tena. Mwaka 1966 akapata rekodi katika daraja la sentimita 1,000, na mwaka 1967, akiwa na miaka 68, akaipita kwa mbali. Katika mbio za kufuzu mwaka huo alipimwa upande mmoja akapata maili 190.07, yaani kilomita 305 na ushei.

Kuna safari moja ambayo mwenyewe aliisimulia. Pikipiki ilianza kuyumba katika mwendo mkubwa. Akainua kifua ili upepo umgonge apunguze kasi. Upepo ukamvua miwani, ukamsukuma macho, asione mbele wala ubavuni. Akaponea chupuchupu kugonga alama ya chuma, kisha hakuwa na la kufanya ila kukilaza chombo chini, wakateleza wote wawili juu ya chumvi. Akainuka na michubuko tu. Ajali yake ilikuwa haijafika.

Mwaka 2005 ilitoka filamu juu yake, mchezaji akiwa Anthony Hopkins, nayo imemfanya ajulikane na watu wasiojua pikipiki. Ni filamu nzuri, lakini imekunja safari za miaka mingi ikazifanya safari moja. Aliyeitazama atadhani mzee alifika, akakimbia, akashinda, akarudi. Ukweli ni kwamba alikwenda, chuma kikavunjika, akarudi nyumbani akakesha, akaenda tena.

Mwaka 1977 alipatwa na kiharusi. Alipotoka hospitali aliona mikono haimtii tena kama zamani. Kwa fundi wa tupa, hapo kazi imekwisha. Aliwauzia pikipiki zake mbili, Indian na Velocette ya 1936, wafanyabiashara wa familia ya Hayes, mumo humo Invercargill, kwa kutaka zisiondoke katika jimbo lake la Southland. Alifariki tarehe 6 Januari 1978, akazikwa pamoja na wazazi wake na ndugu yake.

Lakini palikuwa na hesabu iliyobaki. Rekodi ya Bonneville haipatikani kwa mbio za upande mmoja, kwa sababu upepo waweza kukusaidia. Hukimbia kwenda, ukakimbia kurudi, kisha mbio mbili hujumlishwa zikagawanywa kwa mbili. Mwaka 1967 Munro alikwenda kwa maili 184.710 na akarudi kwa maili 183.463. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kikaandika katika vitabu vyake kwamba rekodi ni maili 183.586. Msomaji achukue kalamu ajumlishe mwenyewe. Jawabu lapasa kuwa 184.087. Mtu mmoja alikosea hesabu, na kosa likakaa vitabuni miaka 47, Munro mwenyewe akafa asilijue.

Aliyeligundua ni mwanawe wa kiume, John. Mtoto wa nyumba ile iliyovunjika mwaka 1947 ndiye aliyeketi na zile tarakimu za babake, akaona hazilingani, akawaandikia wenye vitabu. Chama kikazipiga hesabu upya, kikakiri, na mwaka 2014, miaka 36 baada ya mzee kuzikwa, kikampa Burt Munro nusu maili yake.