Alec Issigonis: Msee Aliyefeli Hesabu Mara Tatu, Akabadilisha Gari Ndogo Milele

Kama unaendesha Vitz, Demio, Honda Fit ama Nissan Note, hebu fungua boneti ucheki. Injini imelala upande kwa upande, na inazungusha tairi za mbele. Siku hizi hiyo ni kawaida hadi hakuna mtu huiangalia mara mbili. Lakini kuna jamaa aliyeifanya iwe kawaida, na risto yake si mchezo.

Anaitwa Alec Issigonis.

Kutoka moto wa Smyrna

Alizaliwa 1906 Smyrna, mji wa bandari ambao leo unaitwa Izmir, Uturuki. Mzae wake alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza, na biashara ya familia ilikuwa injini za meli. Mathe alikuwa Mjerumani. Maisha ilikuwa fiti hadi vita ya Wagiriki na Waturuki ikawafikia. 1922 mji ukachomeka, na meli za Uingereza zikawaokoa hadi Malta. Mali yote ikabaki nyuma. Haikuchukua muda mzae akafariki. Mwaka uliofuata, Alec na mathe wakatua Uingereza kuanza upya.

Akaingia Battersea Polytechnic, London, kusomea uhandisi. Kwa kuchora alikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini hesabu ilimlima mara tatu. Digrii ikamponyoka, akatoka na diploma.

Gari iliyokatwa katikati

1936 akapata kazi kwa kampuni ya Morris. Hapo ndipo alitengeneza Morris Minor, iliyotoka 1948. Ile ya majaribio aliiona nyembamba sana, akaamuru ikatwe katikati na nusu hizo zisukumwe mbali hadi macho yake yaridhike. Ikaongezeka inchi 4. Ndio maana boneti ya Minor ina ukanda bapa katikati. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakuipenda hata kidogo. Ikaishia kuwa gari ya kwanza ya Uingereza kufikisha milioni moja.

Mafuta ilipokuwa noma

1956 kukawa na vita ya mfereji wa Suez, na Uingereza mafuta ikaanza kugawanywa kwa kuponi. Watu wakakimbilia vijigari vya Kijerumani vyenye umbo la yai. Mdosi wa BMC, Leonard Lord, hakuvipenda kabisa. 1957 akampa Issigonis kazi: unda gari ndogo ya ukweli, haraka, na utumie injini ambayo kampuni tayari inayo.

Issigonis alianza na abiria. Watu wazima wanne waketi poa, halafu injini itafutiwe nafasi iliyobaki. Kwa gari ya mita 3 na kidogo, nafasi hiyo ilikuwa finyu. Suluhisho? Akaigeuza injini ilale upande kwa upande, akaweka giaboksi chini yake, zote zikishiriki oili moja. Tairi akazifanya za inchi 10. Springi za chuma akazitupa, rafiki yake Alex Moulton akaleta za mpira.

Hakuwa wa kwanza kulaza injini hivyo. DKW ya Ujerumani ilishafanya na injini za silinda mbili. Yeye pia alijaribu silinda mbili, lakini haikuwa na nguvu ya kutosha. Akaweka ya silinda nne ya 948cc, gari ikakimbia kupita kiasi! Ikapunguzwa hadi 848cc.

Mini ikazinduliwa Agosti 1959, bei pauni 496. Za kwanza zilikuwa zinaingiza maji sakafuni mvua ikinyesha. Bado watu waliipenda. John Cooper, msee wa mbio za magari, akataka ya kasi. Issigonis mwenyewe hakuchangamkia, kwake hii ilikuwa gari ya mwananchi. Cooper akapita kwa wadosi wengine, na Mini ikashinda Monte Carlo Rally 1964, 1965 na 1967.

Hesabu ikarudi

Shida ilikuwa doh. Ford walinunua Mini moja, wakaifungua hadi skrubu ya mwisho, wakakadiria BMC inapoteza kama pauni 30 kwa kila gari. Gari inauzwa kama njugu, faida hakuna. 1968 BMC ikamezwa na British Leyland, na wadosi wapya wakamsukuma Issigonis kando. Mwaka uliofuata alipewa heshima ya kuitwa Sir, lakini ofisini nguvu zilikuwa zimeisha. Alistaafu 1971 na akafariki Birmingham, Oktoba 2, 1988, akiwa na miaka 81. Hakuwahi kuoa.

Mini ya kwanza iliendelea kutengenezwa hadi 2000, zaidi ya milioni 5.3. BMW ndio wanamiliki jina sasa, na aliyekuwa mdosi wao wakati wananunua Rover 1994, Bernd Pischetsrieder, alikuwa wa ukoo mmoja na Issigonis.

Giaboksi ya chini haikudumu. Autobianchi Primula ya 1964 iliihamisha kando ya injini, na hivyo ndivyo Vitz yako iko. Lakini wazo la kuanza na abiria, injini ijipange baadaye, ndilo linafanya uweze kubeba mbogi ya watu wanne na injini ya 1000cc bila kulilia mafuta.

Je, wewe ungechagua gani: Mini ya kitambo ama Vitz? Tuambie.