Athanasius na Uungu Ulioinama

Wengi wetu tunaofundisha historia humtaja Kaisari Constantine kila tufikapo Baraza la Nicaea la mwaka 325, tukampita kimyakimya shemasi wa Kimisri aliyefika huko akiandamana na Alexander, Askofu wa Alexandria. Shemasi huyo ni Athanasius. Kwa maoni yangu, ni vigumu kueleza kwa nini Wakristo hukiri uungu wa Yesu pamoja na unyenyekevu wake bila kumjua mtu huyu.

Ugomvi ulianzia mjini mwao. Kasisi Arius alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ingawa ni kitukufu kuliko vyote, na kwamba ana mwanzo. Fundisho hilo liliwavutia wengi, maana lilionekana kumkinga Mungu na njaa, machozi na msalaba. Athanasius akalikataa katakata. Katika maandishi yake alishikilia kwamba kiumbe hakiwezi kuokoa viumbe wenzake, na kwamba Neno aliyeumba vyote ndiye aliyetwaa mwili wenye kufa. Hapo ndipo nionapo uzito wa jambo lenyewe. Mtumwa akiwaosha wageni miguu, hiyo ni kazi yake ya kila siku. Bwana mwenye nyumba akiinama na kushika beseni, hapo ndipo tuwezapo kunena juu ya unyenyekevu. Ukiuondoa uungu, unyenyekevu nao waondoka.

Alitawazwa kuwa askofu mwaka 328, na tangu hapo hakupata raha. Makaisari 4 walimfukuza mara 5, akaishi uhamishoni miaka ipatayo 17: Trier, Roma, na jangwani kwa watawa waliomficha. Mahasimu wake walimshtaki kwamba amemuua askofu aitwaye Arsenius na kumkata mkono. Arsenius akapatikana yu hai, mikono yote miwili ikiwa mahali pake! Shtaka lililomponza mwaka 335 lilikuwa la nafaka: eti alitishia kuzuia meli za ngano ziendazo Constantinople.

Sitaki kumfanya malaika. Mtetezi huyu wa unyenyekevu hakuwa mpole hata kidogo. Kalamu yake ilichoma, na barua ya zama zake iliyohifadhika katika mafunjo yasimulia jinsi wafuasi wake walivyowapiga watu wa kundi pinzani. Mwanafunzi na apime mwenyewe.

Ndiye pia aliyemweka Frumentius kuwa askofu wa Aksum, kwa jirani zetu wa Ethiopia, na barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndiyo ya kwanza ijulikanayo kutaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo leo.

Alifariki Mei 2, 373, mjini Alexandria, akiwa angali askofu. Miaka 8 baadaye Baraza la Constantinople likaithibitisha imani ya Nicaea.