Ahmad bin Majid, Mjuzi wa Pepo Aliyebebeshwa Lawama

Kila yanapozungumzwa mambo ya bahari hapa kwetu pwani, jina la Ahmad bin Majid halikosi kutajwa. Wako wanaolitaja kwa fahari, na wako wanaolitaja kwa uchungu, wakimhesabu kuwa ndiye aliyewafungulia Wareno mlango wa Bara Hindi. Leo, wasomaji wapenzi, napenda tuyapime maisha ya mzee huyu kwa kipimo alichokijua vyema yeye mwenyewe, nacho ni upepo.

Shihabuddin Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, upande wa Ghuba, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Ubaharia aliurithi. Babu yake na baba yake walikuwa marubani wa Bahari ya Shamu, bahari yenye miamba isiyosamehe kosa, na baba yake alitunga utenzi mrefu juu ya njia zake. Ahmad aliupokea urithi huo, lakini hakuupokea kwa kufumba macho. Alipoona baba yake amekosea, alisahihisha.

Mwaka 1462 alitunga utenzi wa beti zaidi ya elfu moja kuhusu elimu ya bahari. Kisha, mnamo mwaka 895 wa Hijra, yaani takriban 1490, akakamilisha kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Humo alieleza nyota, dira, dalili za nchi kavu, bandari, na zaidi ya yote, wakati wa kutweka na wakati wa kukaa. Alitunga pia utenzi wa njia ya Sofala, ambao ndani yake mwambao wetu umeelezwa. Nakala yake ilihifadhiwa Leningrad na kuchapishwa mwaka 1957.

Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba kaskazi hushika mnamo Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba. Sababu yake ni jua. Wakati wa kiangazi cha kaskazini ya dunia, nchi ya Asia hupata joto jingi, hewa yake hupanda juu, na pepo za baharini huvutwa kuelekea huko. Nchi hiyo ipoapo, upepo hugeuka. Lakini kujua hivyo hakutoshi. Kusi ya mwanzo humfikisha msafiri salama, ila kusi ya Juni na Julai huleta mawimbi na mvua kali katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, hata bandari za huko zikawa kama zimefungwa. Anayechelewa wiki chache tu, chombo na roho za watu vimo hatarini.

Kwa hiyo Ahmad bin Majid alizipanga safari kwa siku. Miezi ya Kiislamu hufuata mwezi na huzunguka katika misimu yote, kwa hivyo haiwezi kumwonyesha baharia majira ya upepo. Yeye alihesabu siku tangu Nairuzi, hesabu ya jua ambayo wazee wetu nao waliifuata kwa miongo ya siku kumi kumi. Huo ndio uliokuwa utabiri wa zama zile. Haukuwa ramli, ulikuwa hesabu, kumbukumbu na macho yaliyozoea mbingu. Usiku alipima kimo cha nyota kwa vidole, na kadiri chombo kilivyokuja kusini, nyota ya Jah ilizidi kuinama mpaka ikazama, ikabidi kushika nyota nyingine.

Sasa tuingie katika lawama yenyewe. Vasco da Gama alitweka kutoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, naye akaiona nchi ya Bara Hindi baada ya siku 23. Alikuwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Miongo mingi baadaye, mwanachuoni wa Makka, Qutbuddin al-Nahrawali, aliandika kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid, na kwamba Wareno walimlevya ndipo akawaonyesha njia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Gabriel Ferrand akaieneza kauli hiyo, ikasomwa kila mahali.

Mimi siikubali. Waandishi wa Kireno wenyewe, kama Barros na Castanheda, walimtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarati. Tena Ibn Majid katika kitabu chake anamtaka rubani awe na tahadhari, awe msafi, amche Mungu, na ajue kwamba akiwa chomboni ni mgeni wa Mwenyezi Mungu. Mtu wa maneno hayo kumwita mlevi pasipo ushahidi ni dhuluma.

Zaidi ya hayo, njia ile haikuwa siri ya mtu mmoja. Wareno walizikuta jahazi za Bara Hindi zimetia nanga Malindi. Aliyewapa rubani ni mfalme, na aliyewafikisha ni kusi ya mwanzo.

Tena tazama walivyorudi. Waliondoka karibu na Goa tarehe 5 Oktoba 1498, kaskazi haijashika. Shwari na pepo za mbisho zikawazuia baharini karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawaua watu wapatao 30, na Malindi hawakuiona tena mpaka tarehe 7 Januari 1499. Bahari ni ile ile na vyombo ni vile vile, isipokuwa majira hayakungojwa.

Utenzi wa mwisho wa Ibn Majid tunaoujua tarehe yake ni wa mwaka 1500. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa, kisha wakaichoma Mombasa. Msiba huo ulikuwa wetu, na una wenyewe walioutenda. Kumtwisha mzee wa Julfar ni kuwapunguzia mzigo wao.

Leo setilaiti huuona upepo kabla haujatufikia, na utabiri wa bahari hutangazwa kila siku. Hata hivyo, anayetweka bila kuuliza majira bado huzama. Hilo ndilo funzo alilotuachia Ahmad bin Majid, nalo ndilo la kumkumbukia. Mwenyezi Mungu amrehemu.