Willard Libby na Mti Uliozikwa na Mlima

Katika jimbo la Oregon, nchi ya Marekani, liko ziwa lenye maji ya buluu sana, na kina chake ni mita 594. Hauko mto uingiao humo, wala utokao. Zamani hapakuwa na ziwa mahali pale, bali mlima mrefu, ambao wataalamu huuita Mazama. Siku moja mlima ule ulipasuka kwa moto, ukatapika majivu na mawe mepesi yenye matundu. Kisha kilele chake kikadidimia, na shimo lililobaki likajaa maji ya mvua na theluji. Waklamath, wenyeji wa nchi ile, walisimuliana ya kuwa ilikuwa vita kati ya Llao, mkuu wa walio chini, na Skell, mkuu wa walio juu. Lakini jambo hilo lilitukia lini? Hapakuwa na mtu aliyeliandika. Wenye elimu ya mawe walikadiria, wakatofautiana kwa maelfu ya miaka.

Mtu aliyepata njia ya kuliuliza jambo hilo kwa kipande cha mti ni Willard Frank Libby. Alizaliwa tarehe 17 Desemba, 1908, huko Grand Valley katika Colorado, na wazazi wake walikuwa wakulima. Angali mtoto, wakahamia California, kwenye mashamba ya matunda, na huko kijana huyu alijipatia fedha za masomo kwa kugongomea makasha ya matofaa. Akasoma kemia katika chuo kikuu cha Berkeley, akapata udaktari mwaka wa 1933. Wakati wa vita kuu ya pili alikwenda New York katika kazi ya bomu la atomiki. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, akaenda kufundisha Chicago.

Fahamuni sasa fikira yake. Mionzi itokayo mbali angani huipiga hewa iliyo juu yetu, na kwa mapigo hayo hufanyika kaboni ya namna ya pekee, iitwayo kaboni 14. Majani ya mti huivuta pamoja na hewa. Mnyama huipata kwa kula majani, nasi vivyo hivyo. Mti ukiwa hai, kaboni hiyo hupungua na kuongezwa daima. Ukifa, hauongezewi tena, na ile iliyomo hupotea polepole, hata baada ya miaka 5,730 hivi hubaki nusu yake. Ikipita miaka mingine kama hiyo, hubaki robo. Basi, ukijua kiasi kilichobaki, utajua mti ulikufa lini.

Kusema hivyo ni rahisi. Kupima ndiko kulikokuwa kugumu. Gramu moja ya kaboni ya mti ulio hai hutoa pigo chache tu kwa dakika, kama 14 hivi, na mionzi ya angani huingia katika chombo cha kuhesabia ikayazidi mapigo hayo mara nyingi. Libby na wenziwe, James Arnold na Ernest Anderson, walikizungushia chombo chao vyombo vingine vya ulinzi, na nje yake ukuta mnene wa chuma. Mwanzoni hakuitangaza kazi hiyo, maana aliona watu wangemdhania kuwa amerukwa na akili.

Wala hakukimbilia vitu visivyojulikana umri. Alianza na miti ya Misri, ambayo miaka yake ilikwisha kujulikana kwa historia ya Mafarao. Mmojawapo ni ubao wa merikebu ya maziko ya Farao Sesostris wa Tatu. Hesabu zikakaribiana, na mwaka wa 1949 wakazitoa kwa watu wote.

Ndipo ulipofika kwake mkaa wa mti wa Oregon. Mti huo ulikuwa umesimama kando ya Mazama siku ile ya moto, ukafunikwa na mawe yenye kuwaka, ukaungua bila hewa, kama magogo yaunguavyo ndani ya tanuri la makaa lililofunikwa udongo. Uliungua, lakini haukuwa jivu. Laiti ungalikuwa jivu, usingalisema neno. Libby akahesabu, akapata miaka 6,453, ikizidi au ikipungua 250. Akapima pia viatu vilivyosukwa kwa maganda ya kichaka, alivyovichimbua Luther Cressman mwaka wa 1938 katika pango la Fort Rock, chini ya majivu ya mlima huohuo. Vikaonekana vya miaka 9,053, ikizidi au ikipungua 350. Kumbe watu walikuwa wakikaa nchi ile miaka mingi kabla ya mlima kupasuka!

Mwaka wa 1960 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Hata hivyo si yote aliyoyafanya yaliyosifiwa. Alipokuwa katika tume ya serikali ya atomiki, tangu 1954 hata 1959, aliyatetea majaribio ya mabomu, na mwanakemia mwenziwe, Linus Pauling, akampinga vikali.

Hesabu yake nayo ilisahihishwa. Yeye alidhani kaboni 14 ya hewani ilikuwa sawasawa siku zote. Wengine walipoipima katika pete za miti mizee sana, ambazo huhesabiwa moja kwa kila mwaka, waliona sivyo: kwa nyakati za kale sana, hesabu ya Libby ilipungua. Kwa hiyo siku hizi husemwa ya kuwa Mazama ulipasuka yapata miaka 7,700 iliyopita. Lakini fikira ya kupima umri kwa kaboni 14 bado ni ile aliyoianzisha. Libby alifariki Los Angeles, tarehe 8 Septemba, 1980.