APOLO KAGWA, MTU WA MKUKI NA KALAMU

Mwezi huu twapenda kuwapa habari za maisha ya Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda, mtu wa vita, na mwandishi wa vitabu vya wafalme na vita vyao. Huenda mtu wa Kibeta akauliza, Mganda huyu ana nini nasi? Twajibu kwamba baba zetu waliisikia Injili kwanza kwa wasomaji waliokuwa na vitabu vya Kiganda, kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Tena vita alivyopigana Kagwa vilifikisha watu mpaka nchi yetu, kama tutakavyoona.

Kagwa alizaliwa karibu na mwaka 1865 katika ukoo wa Nsenene. Watu wa ukoo huo hawali senene, nalo ni jambo gumu kusadikika kwa wengi wetu msimu wake ukifika. Katika ujana wake alipelekwa kutumika nyumbani mwa Kabaka, chini ya mtunza ghala. Huko akajifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiingereza, ambao wa kwanza wao walifika Buganda mwaka 1877, akabatizwa kwa jina la Apolo. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwaua wasomaji wengi, na tarehe 3 Juni baadhi yao wakachomwa moto huko Namugongo. Kagwa alipigwa vibaya, lakini akaachwa hai.

Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa katika kiti chake. Waislamu wakashika nguvu, na Wakristo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, wakakimbilia Ankole. Mkuu wao alikuwa Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Huyu alipouawa vitani mwaka 1889, Kagwa akashika mahali pake, na watu wa pande zote mbili wakamfuata. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wakaingia Mengo, wakamrudisha Mwanga, naye akamfanya Kagwa kuwa Katikiro. Umri wake ulikuwa kama miaka 25.

Lakini hatari ya nje ilipopungua, ndugu wakageukiana. Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana huko Mengo, watu waliosali kwa Bwana mmoja. Kapteni Lugard, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki, na bunduki ya Maxim ikatumika. Wakatoliki wakashindwa. Mwanga akakimbia, na Askofu Hirth pamoja na watu wake wakavuka mpaka wakaja Bukoba, iliyokuwa wakati huo chini ya Wadachi. Mwaka huohuo misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Basi jirani zetu Wakatoliki walipata mwanzo wao hapa kwa sababu ya vita ile, na sisi twalipata neno la kwanza kutoka kwa wasomaji wa upande wa pili. Yatupasa tulikumbuke jambo hili kila tunapotaka kuwadharau.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza. Kagwa akashika upande wa Waingereza, akawa mmoja wa watunzaji watatu wa ufalme kwa ajili ya mtoto Daudi Chwa, pamoja na Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mwaka 1900 wakatia sahihi Mapatano ya Buganda. Mwaka 1902 Kagwa akasafiri mpaka Uingereza, kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na mwaka 1905 akapewa heshima ya kuitwa Sir.

Katika kazi hizo zote, alishika na kalamu. Aliwaita wazee wa koo na watunza makaburi ya wafalme, akawauliza habari za zamani, akaziandika kwa lugha ya watu wake. Mwaka 1901 kikatoka kitabu chake cha wafalme wa Buganda. Humo alisimulia kila Kabaka alivyotawala, vita alivyopigana, na majina ya wakuu waliotumwa, mpaka vita alivyoviona yeye mwenyewe. Baadaye akaandika juu ya desturi za Waganda, na koo zao, na hadithi zao. Kitabu cha wafalme kikapigwa chapa tena mara kadhaa. Laiti hakuviandika, mambo mengi yangalizikwa pamoja na wale wazee.

Lakini hatutaki kumsifu kupita kiasi. Kagwa alikuwa mwandishi na mshindi pia. Wataalamu waliomfuata wameona kwamba katika habari za vita vya dini upande wake wapewa heshima kubwa, na walioshindwa hawapati nafasi ya kutosha kusema neno lao. Tena Mapatano ya mwaka 1900 yaliwapa wakuu, naye miongoni mwao, mashamba makubwa, na wenye koo wengi wakalalamika kwamba nchi yenye makaburi ya baba zao imechukuliwa. Malalamiko hayo yalimfuata mpaka uzeeni. Hatimaye akagombana na maofisa wa serikali ya Kiingereza, na mwaka 1926 akaacha ukatikiro, baada ya kuushika zaidi ya miaka 35. Mwezi wa Februari 1927, akiwa safarini kwenda Uingereza kupeleka shauri lake, akafa mjini Nairobi.

Ndugu wainjilisti na wazee wa sharika, maisha haya yatufundisha kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika mapema. Hapa kwetu vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliwakimbiza watu katika nyumba na migomba yao. Walioviona wakiwa watu wazima sasa ni wazee, na kila mwaka twawazika wengine. Aendaye kumtembelea mzee mgonjwa na achukue daftari pamoja na kitabu cha nyimbo, amsikilize, aandike tarehe na mahali.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo iliyompunguka Kagwa. Tuandike na habari za wale tuliowaita adui: askari aliyetupwa njiani bila kaburi lenye jina, na mama wa ng'ambo ya mpaka aliyemngoja mwanawe asirudi. Aliyeshinda hupenda kusimulia ushindi wake, na watoto humsadiki. Lakini Mungu amewaona watu wa pande zote mbili, na Mkristo ashikaye kalamu yampasa akumbuke kwamba yeye naye ataulizwa juu ya maneno yake.