Bruno Gutmann: Aliyeziokoa ngano za Wachaga akaziacha ughaibuni

JINA la Dk. Bruno Gutmann si geni kwa wakazi wa Old Moshi na vijiji vingine vya miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Wengi wanamfahamu kama mchungaji wa Kilutheri aliyehubiri Injili miongoni mwa Wachaga kwa miaka mingi, na aliyesaidia kuweka misingi ya usharika wa Kidia.

Wachache ndio wanaofahamu kwamba mchungaji huyo ndiye aliyeandika moja ya akiba kubwa za ngano za kale za Wachaga, zile za mazimwi, wanyama wasemao na watu waliopaa hadi mbinguni. Akiba hiyo aliiandika kwa Kijerumani, lugha ambayo wengi wa wajukuu wa wasimuliaji hawaisomi.

Gutmann alizaliwa Julai 4, 1876 mjini Dresden, Ujerumani. Alisomea kazi ya uchungaji katika Misheni ya Leipzig, na mwaka 1902 akafika Kilimanjaro.

Hakufika katika nchi iliyotulia. Machi 2, 1900, miaka miwili tu kabla, watawala wa Kijerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Kwa wenyeji, mgeni huyo mwenye kalamu na daftari alitoka katika taifa lile lile lililoleta kitanzi.

Alianzia Mamba na Machame, kisha Masama, na mwaka 1910 akahamia Old Moshi. Tofauti na wageni wengi wa zama zile, Gutmann aliamini kwamba mtu hawezi kuwafundisha watu asiowasikiliza. Alijifunza lugha yao, akaketi na wazee na kuandika mashauri yao, methali, sheria za ardhi na mifugo, mafundisho ya jando na ngano zilizosimuliwa jioni kando ya moto.

Miongoni mwa ngano hizo imo ya Kyazimba, mtu fukara aliyeamua kusafiri hadi nchi linakochomoza jua ili akatafute utajiri. Alipofika alikutana na bikizee aliyemfunika kwa vazi lake na kupaa naye hadi katikati ya mbingu, mahali jua linapotua kidogo wakati wa adhuhuri. Hapo ukatokea msafara wenye kishindo, na katikati yake mtawala mwenye kung'aa. Ng'ombe akachinjwa, bikizee akamwombea mgeni wake, na mtawala akambariki. Kyazimba alirudi nyumbani na tangu siku hiyo hakujua tena ufukara.

Kwa mtoto, hiyo ni hadithi ya ajabu na furaha. Kwa mtu mzima, ni mlango wa mjadala mrefu. Katika Kichaga, neno Ruwa hutaja jua na hutaja Mungu. Je, huyo mwenye kung'aa alikuwa nani? Sifa apewe Kyazimba aliyethubutu kuondoka, au bikizee aliyemsemea mtu asiyemjua? Na kama si huruma ya bikizee, safari yote ingemfaa nini?

Gutmann alizichapisha ngano hizo mjini Leipzig mwaka 1914 katika kitabu alichokiita Volksbuch der Wadschagga, yaani kitabu cha watu wa Uchagani. Kichwa cha kitabu hicho chenyewe kinakiri kwamba hadithi hizo zimesimuliwa upya. Maana yake ni kwamba sauti tunayoisikia humo ni ya mchungaji wa Dresden, si ya mzee wa Kidia.

Hata hivyo kitabu kilisafiri. Mwanazuoni wa Kiingereza Alice Werner, aliyefundisha Kiswahili mjini London, alizitumia baadhi ya ngano hizo katika kitabu chake kuhusu visasili vya Wabantu kilichotoka mwaka 1933. Hivyo Kyazimba akajulikana kwa wasomaji wa Uingereza na Marekani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walifukuzwa, na mwaka 1920 Gutmann aliondoka. Chuo Kikuu cha Erlangen kilimtunuku udaktari wa heshima wa theolojia mwaka 1924, na kile cha Würzburg kikamtunuku wa sheria mwaka 1926. Aliruhusiwa pia kurejea Old Moshi, akafanya kazi hadi mwaka 1938.

Fikra yake kuu ilikuwa moja: mtu si kitu peke yake. Alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviumba Mungu, na kwamba kanisa halina budi kujengwa juu yake. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya kusaidiana, kwa kufuata desturi ya jando.

Fikra hiyo ilikuwa na upande wake dhaifu. Gutmann aliuogopa mji, fedha na elimu ya kisasa, akitamani Uchaga ubaki kama alivyoukuta. Wachaga wenyewe hawakumsubiri. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kahawa, na wazazi wakadai shule zaidi. Wenye nchi walijichagulia njia yao, na hakuna awezaye kuwalaumu.

Lakini kuhusu ngano alikuwa na hoja nzito. Ngano haikamiliki mpaka apatikane wa kuisikia, wa kuibishia na wa kuuliza swali. Yeye aliyafahamu hayo kuliko wengi, na bado mazingira ya kazi yake yakazitenga hadithi hizo na jamaa zake wa asili.

Gutmann alifariki Desemba 17, 1966 huko Ehingen, Ujerumani, miaka mitano baada ya Tanganyika kupata Uhuru.

Kazi aliyoiacha inahitaji mikono mingine. Mangi Petro Marealle alionyesha njia mwaka 1947 alipoandika kwa Kiswahili kitabu chake kuhusu maisha ya Mchaga hapa duniani na ahera. Siku hizi wapo vijana wa mijini wanaokutana, ana kwa ana au kwa intaneti, kusoma na kujadili hadithi fupi za wachawi na mazimwi kutoka ng'ambo. Hakuna ubaya katika hilo. Ila Kyazimba naye anastahili kiti katika baraza hiyo, akisomwa kwa Kiswahili au Kichaga, wakati wazee wanaoweza kuisahihisha sauti ya mchungaji bado wapo.