Mboya Alianza na Barua, Sisi Twaanza na Tiketi

Juma lililopita nilialikwa katika mchango wa kumsafirisha kijana mmoja wa mtaani kwetu anayekwenda kusoma ng'ambo katika chuo cha watu binafsi. Chai iliandaliwa, mwenyekiti akateuliwa, na wazee kwa vijana wakatoa walichojaliwa. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kuuza kipande cha shamba, na fedha hizo zilikwisha kumfikia wakala mmoja wa mjini. Nami nilitoa changu. Hata nilipomuuliza kijana anakwenda kusomea nini, alimtazama baba yake, na mzee akanijibu kwamba mambo hayo yote yamo mikononi mwa wakala. Lililosalia ni tiketi tu.

Neno hilo la tiketi ndilo lililonifanya nirudi nyumbani nikimwaza marehemu Tom Mboya. Watu wengi humkumbuka kwa jinsi alivyokufa. Wachache hukumbuka kwamba bwana huyu, aliyewafungulia mamia ya wenzake milango ya vyuo vikuu vya Marekani, hakuwahi yeye mwenyewe kusomea shahada.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako babake, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa msimamizi wa vibarua. Alisomeshwa na wamishonari wa Kikatoliki, kwanza Ukambani, kisha Yala, na hatimaye Mang'u. Huko Mang'u ndiko alikokwama. Akili hazikumpungukia, iliyopunguka ni karo. Ikambidi kijana aiache njia ya chuo kikuu na kujiunga na shule ya kuwafunza mabwana afya, kwa sababu humo mwanafunzi alisoma bila kumlemea mzazi. Akafuzu, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na papo hapo akajionea jinsi Mwafrika alivyolipwa ujira duni mno kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hapo ndipo alipoingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1953, wakati viongozi wengi walipokuwa kizuizini kwa sababu ya hali ya hatari, akawa katibu mkuu wa shirikisho lao akiwa na umri wa miaka 23 hivi.

Mwaka wa 1955, muda si mrefu baada ya kusaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Naomba msomaji anivumilie nikae hapa kidogo, maana mwaka huo ndio kiini cha habari yangu. Ruskin hakikuwa chuo cha wana wa mabwanyenye. Kilianzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya watu wa kazi za mikono, watu ambao umaskini uliwanyima shule, wapate kusoma siasa, uchumi na mambo ya wafanyakazi. Mboya alifika huko akijua barabara amekuja kutafuta nini. Alikuwa amekwisha kukabiliana na waajiri mezani. Alitaka sasa kuzielewa hesabu na sheria walizomtupia usoni. Mwaka ule ule wa 1956 akatoa kijitabu kuhusu suala la Kenya, na utangulizi wake ukaandikwa na Margery Perham, mtaalamu wa mambo ya makoloni aliyeheshimika sana pale Oxford. Kisha akazuru Marekani, akarejea nyumbani, na Machi 1957 akachaguliwa kuwa mjumbe wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Laiti angekuwa mtu wa kujipendelea angetosheka na hayo. Lakini aliitazama nchi iliyokuwa ikielekea kujitawala akauona upungufu mkubwa. Makerere ilichukua wachache. Chuo cha Kifalme cha Ufundi cha Nairobi kilikuwa kichanga, kimefungua milango mwaka wa 1956. Nafasi za kwenda Uingereza zilihesabika, na serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuziongeza. Wakati huo huo palikuwapo vijana waliokuwa wamekwisha kuandikiana na vyuo vya Marekani, wakakubaliwa na hata kupewa ufadhili wa masomo, ila wakashindwa na nauli. Barua walikuwa nazo mkononi, bahari ikawazuia.

Basi mwaka wa 1959 Mboya akazunguka Marekani akihutubia na kuomba msaada. Rafiki yake Mmarekani, William Scheinman, alisimama naye, na watu mashuhuri kama mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia sahihi zao katika barua ya kuomba michango. Huku nyumbani Julius Kiano na Kariuki Njiiri walishirikiana naye kuwachagua wanafunzi, na vijijini watu wakachanga fedha za matumizi. Septemba mwaka huo ndege ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata fedha zilipokosekana, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, naye akamwezesha kupata dola 100,000 kutoka kwa wakfu wa familia yake. Kufikia 1963 walikuwa wamesafirishwa karibu wanafunzi 800 kutoka Kenya na nchi jirani. Miongoni mwa waliokwenda 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyesomea biolojia katika chuo kidogo cha watawa huko Kansas, na ambaye mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sitaki nionekane kama ninampaka marehemu mafuta. Wakoloni walilalamika kwamba vyuo vingine vya Marekani ni hafifu na kwamba vijana wanapelekwa bila riziki ya kutosha. Sehemu kubwa ya malalamiko hayo ilikuwa husuda, lakini si yote. Wako waliofika wakiwa na ufadhili nusunusu, wakaosha vyombo usiku na kusoma mchana, wakatetemeka kwa baridi ambayo hawakuwa na makoti ya kuikabili. Hata hivyo kila mmoja alijua jina la chuo chake na somo lililompeleka. Tena nyumbani palikuwa na madawati ya serikali, shule na hospitali yaliyomngojea. Mboya hakuuza safari, wala hakuna shamba lililompitia mkononi.

Aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akitoka katika duka la dawa, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na hajatimiza miaka 39. Wakati huo wengi wa wale aliowasafirisha walikuwa wamekwisha kurudi na kushika kazi.

Nami narudi kwa yule kijana wa mtaani kwetu. Nauli haijatimia, kwa hiyo kutakuwa na mchango wa pili majuma mawili yajayo, na wazee wameniomba niwe mwenyekiti. Nimekubali kwa sharti moja. Nimemwomba babake aniletee barua ya chuo siku tatu kabla ya kikao, yenye jina la chuo, somo, miaka na karo, ili nikiulizie kwa wanaojua kama chuo hicho kinatambuliwa katika nchi kiliko. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema atampigia simu wakala. Mpaka naandika haya bado naingojea.